Likizo na watoto, sehemu ya 6: Kutafuta boksi lililofichwa

Wiki iliyopita niligusia jiokashi, na maswali yamekuwa mengi. Ni kitu gani, na nesi anahusikaje na michezo?

Ni mchezo wa kutafuta boksi. Mtu analificha mahali, anaweka namba za mahali pale kwenye programu ya simu, na wewe unazifuata kwa GPS. Ulianza tarehe 3 Mei 2000 kule Oregon, Marekani, siku moja tu baada ya serikali yao kuondoa kizuizi kilichofanya GPS ya raia isome vibaya. Bwana Dave Ulmer alificha ndoo porini, ndani kaweka vitu mbalimbali pamoja na kopo la maharage. Nitayarudia hayo maharage.

Mimi nahusika kwa sababu ya mikono. Mtoto akiambiwa kuna boksi kwenye mzizi wa mti, anaingiza mkono mpaka kwenye kwapa. Kwenye zamu zangu nimepokea watoto walioumwa na nyoka hivyo hivyo, kwa kufuata panya au yai shimoni. Mwili wa mtoto ni mdogo, sumu ni ile ile ya mtu mzima. Kwa hiyo kila mtoto ashike fimbo, avae viatu vya kufunika, na wewe umulike kwa tochi ya simu kabla mtu hajagusa chochote. Angalia na nyuki pia.

Akiumwa, usichanje, usinyonye, usifunge kamba, na lile jiwe jeusi liache huko huko liliko. Mvue bangili na viatu maana patavimba, mtulize, mguu au mkono usitikisike, mbebe mpaka hospitali. Nyoka msimfukuze, tunaweza kutibu bila kumwona.

Haya, kutafuta kwenyewe. Simu inakosea mita kadhaa, na chini ya miti mikubwa inakosea zaidi. Ukifika karibu, iweke mfukoni. Muulize mtoto, "Ungekuwa wewe ungeficha wapi?" Hapo wanatushinda wote. Waangalie mawe yaliyopangwa kama yamepangwa na mtu, au gome la mti lililokaa upande. Na jamani, msichimbe. Kwa kawaida kanuni za mchezo haziruhusu boksi kufukiwa ardhini, kwa hiyo ukijikuta unatafuta jembe umeshapotea njia.

Kuchimba kuna shida nyingine, na hii wazungu waliotunga mchezo sidhani kama waliiwaza. Huku kwetu mtu akikukuta jioni unachungulia mizizi ya mti wake, tena una mtoto na tochi, hatasema unacheza. Atasema umekuja kufukia kitu, na jina likishakukaa mtaani halitoki. Basi nenda mchana. Piga hodi, "Shikamoo mzee, tunaomba kupita hapa, tunacheza na watoto." Mwonyeshe simu. Akikataa, mnaaga mnaondoka. Karibu na makaburi hata kuomba usiombe.

Ukilipata, andika jina lako na tarehe kwenye kile kidaftari cha ndani. Beba kalamu yako, za humo huwa zimeisha wino. Mtoto akichukua mdoli aache kitu chenye thamani ile ile au zaidi. Hapo ndipo vilio huanza, hivyo mkubaliane nyumbani kabla ya kutoka. Chakula hapana, kinaita panya na siafu (mnaona sasa yale maharage). Dawa, viberiti na viwembe pia hapana. Funga vizuri, rudisha pale pale, na picha ya maficho usiirushe hapa, utawaharibia wenzako.

Kwa sisi wa Babati: pale ziwani kuna viboko, na jua likizama wanatoka kula majani. Saa kumi na moja muwe mmeshaondoka ufukweni, na kamwe usisimame kati ya kiboko na maji. Kule mlimani Kwaraa ni msitu wa hifadhi, ulizeni ruhusa kwanza. Tarangire msishuke kwenye gari kutafuta chochote.

Kama programu haionyeshi boksi karibu nawe, fichianeni wenyewe. Kopo la maziwa lenye kifuniko, kidaftari, penseli, mnaficha uani kwa shangazi kwa ruhusa yake. Mkitaka kuliingiza kwenye programu rasmi, liwe angalau mita 161 kutoka boksi jingine na mwenye eneo awe amekubali.

Alhamisi naendelea na sanduku la huduma ya kwanza la kubeba kwenye mkoba. Wenye watoto wa pumu mniandikie umri wao hapo chini, nina neno nanyi kuhusu vumbi la msimu huu.