Ndere, Kisiwa Ambako Mwenyeji Ni Kiboko

Msomaji, ikiwa umewahi kupita Sironga, karibu na mji wa Nyamira, bila shaka unavikumbuka vilima vya majani chai, migomba iliyosongamana, na bonde la maji na mafunjo lililolala chini yake. Mtoto anayezaliwa huko leo anaweza kumaliza shule ya msingi bila kumwona mnyama wa mwitu aliye mkubwa kuliko tumbili. Hata hivyo, Wagusii ni watu wa wanyama. Wanjare ni watu wa kiboko, Bassi ni watu wa punda milia, na wapo wa chui. Basi kuna vijana wengi, huko na hapa mjini, ambao jamaa yao wa ukoo wamemwona kitabuni tu.

Jamaa huyo hayuko mbali. Kutoka Sironga unateremka hadi Kisii, unapita Oyugis na Sondu, unaingia katika joto la Ahero na mashamba yake ya mpunga, na mara Kisumu hiyo. Hapo kodi mashua ya injini. Patana bei kabla ya kupanda, wala usikubali kuondoka kabla kila mmoja, tangu mtoto hadi baba mwenye kitambi, hajavaa koti la kuokolea maisha. Safiri asubuhi, kwa maana alasiri upepo wa ziwa huamka. Yako pia magugumaji, yaliyovamia Ghuba ya Winam katika miaka ya tisini na ambayo hadi leo huweza kufunga njia ya mashua.

Ndere ni kisiwa kidogo, kilomita mraba 4.2, kilichofanywa mbuga ya kitaifa mwaka 1986. Kwa Kijaluo jina hilo ni mahali pa kukutania. Siku hizi Shirika la Wanyamapori, KWS, halipokei pesa taslimu. Lipa kwa mtandao wa eCitizen kabla ya kutoka nyumbani. Na usivae buluu wala nyeusi, maana mbung'o wapo na hupenda sana rangi hizo.

Ukishuka unatembea kwa miguu, jambo ambalo mbuga nyingi haziruhusu. Swala pala wanainua vichwa, wanakutazama, kisha wanarejea kwenye majani yao. Kenge anavuka njia kama mzee asiye na haraka. Juu ya mti furukombe anapiga ukelele unaosikika hadi ng'ambo. Watoto wasikaribie maji, kwa sababu mamba naye ni mwananchi wa hapa.

Lakini mwenyeji hasa ni kiboko. Tulipokizunguka kisiwa, nahodha alizima injini, akatuambia tuhesabu masikio kisha tugawanye kwa mbili. Tulipata masikio kumi na mawili. Nyanya mmoja tuliyesafiri naye, mtu wa Wanjare, aliinuka nusu, akawapungia mkono na kuwaamkia kwa Kigusii kama mtu aliyekutana na shemeji sokoni.

"Wasalimie kwa mbali, nyanya," nahodha akamwambia kwa adabu. "Hawa hawajui ukoo."

Nyanya alicheka, lakini aliketi. Nahodha hakuwa akitania. Kiboko dume hufika tani moja na nusu na zaidi, na nchi kavu humshinda mtu mbio. Mchana hukaa majini kuikinga ngozi yake na jua. Usiku hutoka kwenda malishoni, na anaweza kula kilo 40 hivi za nyasi. Akipiga mwayo mbele yako usidhani ana usingizi, anakuonyesha meno. Na kosa kubwa kupita yote ni kusimama kati yake na maji, kwa kuwa njia yake ya kukimbilia ni hiyo hiyo uliyoiziba.

Nilijiuliza kwa nini Ndere bado ina wanyama na Sironga haina. Nadhani jibu ni maji. Maji yamekizunguka kisiwa, na jembe haliogelei. Huko Sironga mambo ni kinyume: maji ndiyo yaliyo katikati na mashamba yameyazunguka, na kila msimu ukingo unasogea ndani kidogo. Huyu anapanda mikaratusi inayonyonya maji, yule anafyatua matofali, mwingine anachimba mtaro apate sukumawiki wakati wa kiangazi. Sithubutu kuwalaumu, mashamba ya Gusii ni madogo na karo haingoji.

Ila kinamasi si lazima kiwe kikubwa ndipo kilindwe. Saiwa, karibu na Kitale, ni kilomita mraba tatu hivi tu, lakini ilifanywa mbuga ya kitaifa mwaka 1974 kwa ajili ya nzohe, paa mwenye kwato ndefu zilizotanuka, ambaye akiingiwa na hofu hujizamisha na kuacha pua peke yake nje. Sironga haina nzohe wa kuvutia watalii. Ina mafunjo, na mafunjo ndiyo makao ya korongo wenye taji, ndege yule yule aliye kwenye bendera ya Uganda, ambaye tangu mwaka 2012 amo katika orodha ya dunia ya walio hatarini kutoweka. Hutaga mayai yake katikati ya kinamasi, pale ambapo mtaro unaelekea.

Basi ukirudi kutoka Ndere, mwombe dereva asimame kidogo Sironga kabla jua halijatua. Hapo hakuna kiingilio.