Mkaguzi wa Kodi, Brussels na Kasongo

Hapa Brussels mkaguzi wa kodi hutanguliwa na barua. Mwenye duka mmoja wa mtaa wa Matonge ninayemwekea hesabu, muuza sombe, unga wa muhogo na samaki wa chumvi, aliipokea yake: kodi ipi inakaguliwa, ya mwaka gani, nani anakuja na lini. Siku ilipofika aliingia mama mmoja, akatoa kitambulisho cha kazi kabla hata salamu hazijaisha, akaomba karatasi za mashine ya mauzo, akakaa nyuma ya mafriji mpaka saa nane. Chai aliikataa. Aliondoka bila kugusa senti. Majibu yalikuja kwa posta, nasi tukapewa mwezi mmoja wa kujieleza kabla kodi haijabadilishwa.

Msidhani ni upole wa Wazungu. Kifungu cha 319 cha sheria ya Ubelgiji ya kodi ya mapato ya 1992 kinamruhusu afisa kuingia mahali pa biashara wakati wa kazi bila kupita kwa hakimu. Nyumba ya kulala ndiyo yenye ulinzi zaidi: lazima awe na kibali cha jaji wa polisi, na aje kati ya saa 11 alfajiri na saa 3 usiku. Mwaka 2017 Mahakama ya Katiba ilisema kwamba ukimkatalia mlango hana haki ya kuuvunja. Ila anaweza kukutoza faini na kukukadiria kodi yeye mwenyewe, halafu kazi ya kuthibitisha kuwa amekosea ni yako. Kwa hiyo watu hufungua.

Sasa twende Kasongo, mkoani Maniema, kwetu Kongo. Binamu yangu ana duka la sabuni, chumvi, betri na vitenge vinavyopitia Kabambare kutoka upande wa Fizi. Kontrole ya pale haina barua. Vijana wawili wanaingia, mmoja ameshika karatasi iliyokunjwa na kukunjuliwa mpaka tarehe haisomeki. Wanakalia magunia ya mchele, wanazungusha macho kwenye rafu, na kodi inapatikana papo hapo: dola 100. Baada ya mabishano imeshuka hadi 30, bila risiti. Baadaye huja wa idara nyingine, nao wana karatasi yao. Nilipomwambia adai hati ya kutumwa kazini, alicheka kwenye simu: "Yaya, ukiwaomba karatasi, kesho wanarudi na polisi."

Kinachoniudhi ni kwamba sheria tunayo, na si mbaya. Sheria namba 004/2003 ya Machi 13, 2003 inataka ukaguzi wa vitabu vya hesabu utanguliwe na taarifa ya maandishi. Kifungu cha 174 cha Katiba ya 2006 kinasema hakuna kodi isipokuwa iliyowekwa na sheria. Na kwa wafanyabiashara wadogo, amri-sheria ya Februari 2013 iliweka hesabu nyepesi kabisa: ambaye mauzo yake ya mwaka hayakufika faranga milioni 10 alitakiwa kulipa faranga 50,000 kwa mwaka; kuanzia hapo hadi milioni 80, muuza bidhaa alitakiwa kulipa asilimia 1 ya mauzo. Mtoto wa darasa la sita anaiweza, mradi daftari lipo. Binamu yangu hana daftari. Anaogopa kuandika, kwa kuwa wakiliona watalitumia kumkamua. Bila daftari, macho ya yule kijana ndiyo yanayokuwa sheria.

Hofu hiyo haikuzaliwa jana. Wabelgiji hawa hawa wanaonitumia barua yenye tarehe na sahihi, huko kwetu kodi ya kichwa waliikusanya wakiwa na askari, na pamba ya lazima waliianzishia Maniema mwaka 1917. Adabu ya kodi waliibakiza kwao.

Upande wa pili wako wasioguswa. Mgodi wa dhahabu wa Namoya, karibu na Salamabila katika Kabambare, ulianza uzalishaji wa kibiashara mwaka 2016 mikononi mwa kampuni ya Banro ya Kanada, chini ya mkataba wa 1997 ulioisamehe kodi kwa miaka 10. Muuza dagaa wa Salamabila hakuwahi kupewa mkataba wa namna hiyo.

Tofauti ninayoiona kati ya Brussels na Kasongo ni ya mikono. Yule mama wa Matonge alikagua tu. Pesa ziliingia kwenye akaunti ya serikali, na malalamiko yangesomwa na mtu mwingine. Sheria yetu nayo ina mpokeaji wake, mbali na mkaguzi. Lakini dukani Kasongo anayekadiria, anayepatana bei na anayepokea ni mtu mmoja, na kituo cha mwisho cha pesa ni mfuko wa shati lake. Semina za kuwafundisha wananchi umuhimu wa kulipa kodi hazitaugusa mfuko huo. Bunge la mkoa kule Kindu lingeanza na ubao sokoni: idara zipi zina haki ya kukagua, zinadai nini, na pesa zinalipwa wapi.

Mimi nimemwomba binamu mambo mawili: aandike mauzo ya kila siku, mstari mmoja tu, na akatae kulipia dukani. La kwanza amekubali, ila daftari analiweka chumbani kwa mkewe. La pili bado tunabishana, maana atakayeamka na polisi mlangoni ni yeye, si mimi.