Kijana Wenu Amepangiwa Alaska

Fairbanks, Januari



Ujumbe ninaopokea kutoka nyumbani siku hizi unafanana. Mzazi wa Tanga, wa Arusha, wa Mombasa au wa Kisumu anaandika kwamba mwanawe aliyejiunga na jeshi la Marekani amemaliza mafunzo na amepangiwa Alaska, kisha anauliza: huko kuna vita gani? Nawajibu nyote kwa pamoja. Huku hakuna vita. Kuna baridi, giza na upweke, na kwa kijana wa miaka ishirini aliyekulia kwenye joto, huo ni mtihani ambao mafunzo ya ukuruta hayakumwandaa. Nawaandikia kwa sababu naamini sehemu ya mtihani huo iko mikononi mwenu mlio nyumbani.

Wengi wa vijana hawa walikuja Marekani kwa bahati nasibu ya viza, wengine walifuatana na wazazi, na wengine ni watoto wa wakimbizi wa Kikongo waliopewa makazi Kentucky, Texas au Ohio. Mpango wa jeshi wa kuwaandikisha hata wasio na green card, yaani kibali cha ukaazi wa kudumu, kwa ajili ya lugha zao, ambao Kiswahili kilikuwemo kwenye orodha yake, ulisimamishwa mwaka 2016. Leo asiye raia kwa kawaida lazima awe na green card ndipo aandikishwe, na utumishi wake humfungulia njia ya mkato ya kupata uraia. Hilo ndilo linalowavuta, pamoja na ada ya chuo na bima ya matibabu. Hakuna hata mmoja niliyekutana naye aliyeniambia kwamba alijiunga kwa sababu alitaka kuishi kwenye theluji.

Mume wangu ni sajenti, anahudumu Fort Wainwright, kambi iliyopakana na mji huu wa Fairbanks. Mto Chena unapita ndani yake, na kutoka hapa hadi Duara la Aktiki hazifiki kilomita 200. Kambi ilianza kama uwanja wa ndege wa kujaribia mitambo kwenye baridi kali. Wakati wa Vita Kuu ya Pili maelfu ya ndege za Kimarekani zilikabidhiwa hapa kwa marubani wa Kisovieti, wakazirusha kupitia Siberia kwenda kupambana na Wajerumani. Sasa ina brigedi ya kwanza ya Divisheni ya 11 ya askari wa miamvuli, divisheni iliyofufuliwa Juni 2022 mahususi kwa mapigano kwenye nchi za barafu.

Askari anapohamishiwa kituo kipya, utaratibu wa jeshi ni kwamba kikosi kinachompokea kimteue askari mwenzake awe mwenyeji wake. Huyo ndiye wa kumwandikia kabla hajasafiri, kumpokea uwanja wa ndege, kumwonyesha bweni, mesi, hospitali, ofisi ya malipo, na kumtembeza na karatasi zake kutoka dirisha moja hadi jingine mpaka aingizwe rasmi kikosini. Kwa miaka niliyokaa hapa nimefikia hitimisho ambalo hata maofisa wengine wananikubalia: mwenyeji mzuri anaokoa mwaka mzima wa kijana, na mwenyeji mbaya anauharibu.

Nimeona yote mawili. Kijana mmoja wa Kikenya alitua Fairbanks Ijumaa usiku mwezi wa Januari. Mwenyeji wake alikuwa porini kwenye mazoezi, na kikosini hakuna aliyekumbuka kuweka mwingine badala yake. Askari wa zamu alimpa ufunguo wa chumba na kumwambia Jumatatu ataelekezwa. Hakuwa na shuka, hakuwa na gari, hakujua mesi ya wikiendi iko wapi wala inafunguliwa saa ngapi. Alishinda chumbani siku mbili akila biskuti za mashine iliyoko ukumbini, dirishani giza tupu. Mwingine, Mtanzania, alipokewa na sajenti Mmarekani aliyekuja na koti zito mkononi, akamvisha kabla hawajatoka mlango wa uwanja wa ndege, akampeleka kwanza kununua chakula cha siku tatu, kisha akamkabidhi simu yake azungumze na mama yake aliye Morogoro. Wa kwanza mpaka leo haongei sana. Wa pili ameomba aongezewe muda Alaska.

Kazi yenyewe ya kila siku haina makubwa. Mazoezi ya viungo huanza saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Jumatatu ni siku ya kukagua magari ya kikosi. Kuna kufagia theluji, kusafisha silaha, kukaa lindo bwenini saa 24, kuhudhuria darasa, kusubiri. Vijana wengi hushangaa jinsi uaskari wa wakati wa amani ulivyo kazi ya kusubiri.

Kinachotofautisha kituo hiki na vingine ni kwamba kila jambo dogo linataka ujuzi. Chukua gari. Mbele ya kila gari hapa unaning'inia waya wa umeme, na kwenye maegesho kuna nguzo zenye soketi. Ukifika unalifunga gari kwenye nguzo kama ng'ombe, maana chini ya boneti kumewekwa hita za kupasha injini, oili na betri. Ukisahau kuchomeka usiku wa nyuzi 40 chini ya sifuri, hapo ambapo kipimo cha Selsiasi na cha Farenihaiti husoma namba ileile, asubuhi hutaliwasha. Hata likiwaka, upande wa tairi uliokaa chini umeganda bapa, kwa hiyo mita mia kadhaa za mwanzo gari linadunda hadi mpira ulainike. Moshi wa magari na wa majumba hauendi juu. Unageuka ukungu wa barafu unaolala barabarani, na taa za gari la mbele huzioni mpaka uko karibu nalo. Petroli haigandi kwenye baridi hiyo, na tone lake likidondokea mkono mtupu linaunguza ngozi kwa ubaridi. Kushika chuma bila glavu ni hivyohivyo. Mambo haya kijana anapaswa kuyajua wiki ya kwanza, na wa kumwambia ni mwenyeji wake.

Jeshi linawapa nguo za tabaka saba na kuwafundisha kuzitumia: usivae pamba mwilini, vua kabla hujatoka jasho, vaa kabla hujatulia. Porini wanalala watu kumi kwenye hema moja, na hema hilo, jiko lake na mafuta yake wanayakokota wenyewe kwenye kijisleji huku wamevaa viatu vya kutembelea juu ya theluji. Usiku wanapokezana kulinda jiko, kwa sababu likizima wote wataamka wameumia, na likiwaka vibaya wataungua au kukosa hewa. Kijana anayelinda jiko saa nane za usiku amebeba roho za watu tisa. Wengi wananiambia hapo ndipo walipojisikia askari kwa mara ya kwanza.

Kuna jambo moja nataka wazazi walisikie vizuri. Utafiti wa jeshi la Marekani lenyewe, tangu vita vya zamani, unaonyesha kwamba askari weusi hupata majeraha ya baridi kwa kiwango kikubwa kuliko weupe. Pia kwenye ngozi yetu ule wekundu wa mwanzo hauonekani upesi, kwa hiyo kijana au mwenzake anaweza asigundue mpaka kidole kimekufa ganzi. Asione aibu kumwambia sajenti wake kwamba hahisi vidole. Wengine hunyamaza ili wasionekane legelege, na wanabaki na vidole vinavyouma kila baridi inaporudi.

Hata hivyo nisieleweke kwamba mtu mweusi haiwezi nchi hii. Mwaka 1942, barabara kuu ya kuunganisha Alaska na Kanada ilipojengwa haraka kwa hofu ya Wajapani, takriban theluthi moja ya askari walioijenga walikuwa Wamarekani weusi, wa vikosi vya uhandisi vilivyotengwa kwa rangi. Makamanda wengine hawakuwataka Alaska, na mara nyingi walipewa vifaa hafifu. Oktoba mwaka huo, karibu na Beaver Creek, koplo mweusi aitwaye Refines Sims, akiendesha buldoza kutokea upande wa Alaska, alikutana uso kwa uso na askari mweupe Alfred Jalufka aliyekuwa akitokea upande wa pili, na barabara ikawa imeungana. Vijana wetu wakienda mafunzoni upande wa Delta Junction wanafika mahali barabara hiyo inapoishia. Naona kila mmoja wao angepaswa kusimuliwa kisa hiki siku anayowasili.

Baridi inazoeleka. Giza ni zito zaidi. Tarehe 21 Desemba jua la Fairbanks hukaa juu ya upeo kwa muda usiofika saa nne, na hata hapo halipandi. Linapita pembeni na kuzama. Askari anaingia kazini usiku, anatoka usiku, na kama kazi yake ni ya ndani anaweza kumaliza wiki nzima bila kuliona jua mpaka Jumamosi. Usingizi unavurugika, hamu ya chakula inaondoka, mtu anaanza kujifungia. Mwaka 2021 jeshi lilihesabu vifo 17 vya askari wake Alaska vilivyothibitishwa au kushukiwa kuwa ni vya kujiua. Jambo hilo lilitikisa mpaka Washington. Washauri wa afya ya akili na viongozi wa dini waliongezwa, makamanda wakatakiwa kuwajua askari wao kwa majina na kwa shida zao, na mwaka uliofuata idadi ilishuka sana. Naamini ilishuka kwa sababu watu walianza kugongeana milango.

Siandiki haya kuwatisha. Naandika kwa sababu vijana wetu wanaficha. Wanadhani kumwona mshauri ni kumaliza kazi, na wanaogopa zaidi kwamba habari ikifika nyumbani itasemwa fulani amechanganyikiwa ughaibuni. Tafadhali, mwanao akikwambia anaongea na mshauri, mpongeze. Taa maalumu za mwanga mkali za kukaa mbele yake asubuhi, vidonge vya vitamini D, mazoezi na marafiki ni dawa za kawaida hapa, kila mtu anazitumia, hata maofisa.

Na pesa. Mwaka 2025 askari wa ngazi ya tatu kutoka chini, asiyetimiza miaka miwili kazini, alilipwa dola 2,700 hivi kwa mwezi kabla ya makato. Akiwa hana familia anakaa bwenini, kwa hiyo halipi kodi ya nyumba, ila posho ya nyumba hapati, na posho ya chakula kwa sehemu kubwa inakatwa kwa ajili ya mesi. Ananunua gari kwa mkopo, mara nyingi wa riba mbaya maana ni mgeni na hana historia ya mikopo. Anafunga hita, ananunua tairi za theluji, analipa bima. Alaska ni mbali na kila kitu, hata nauli ya kwenda kumwona dada yake Minnesota inauma. Huyu ndiye anayepokea kwa wiki moja ombi la ada, la mchango wa harusi, la mabati na la kiwanja. Hasemi hapana, kwa sababu kwetu kumwambia mzazi hapana ni vigumu. Anaanza kuogopa kupokea simu. Nimekaa mezani na kijana aliyeona namba ya nyumbani kwenye simu yake akaigeuza kifudifudi, na macho yake yalikuwa yamejaa.

Majira ya joto hali inageuka kabisa. Juni jua linakaa karibu saa 22, watu wanavua samaki usiku wa manane bila taa, na vijana wanabandika karatasi za foili madirishani ili walale. Anayefika Juni ana miezi ya kupata marafiki kabla ya giza. Anayefika Januari anaanza na pabaya, huyo ndiye wa kumwangalia zaidi.

Kwa hiyo ninawaomba haya. Kama kijana hajasafiri, mwulizeni jina la mwenyeji wake kikosini. Kama hajapewa, aandike kuomba kabla hajapanda ndege. Ni haki yake. Akishafika, jueni kwamba majira ya baridi tofauti kati yetu na Afrika Mashariki ni saa 12 kamili, kwa hiyo saa haigeuki, ni usiku na mchana tu vinavyobadilishana. Saa kumi na moja alfajiri kwenu ni saa kumi na moja jioni kwetu, askari ametoka kazini na yuko peke yake chumbani. Ukishaswali, au kabla hujatoka kwenda misa, mpigie. Mweleze nani kaoa, mvua imeanza wapi, timu gani imefungwa, bibi anaendeleaje. Siku hiyo ya hela yaacheni. Na msingoje apige yeye.