Gari Lililofunikwa Turubai

Fayetteville, North Carolina. Gari la shemeji yangu limefunikwa turubai la kijivu, na majani makavu ya misonobari yamelala juu yake tele. Mwenyewe ni mwanajeshi, yuko Kuwait, mwezi wa sita kati ya tisa. Dada huenda kazini na gari lake dogo, na kila Jumamosi hulifunua lile la mumewe, akaliwasha dakika kumi ili betri isife, akalifunika tena. Nyumba nyingi mtaani ziko hivyo. Kambi ya Fort Bragg iko jirani (2023 iliitwa Fort Liberty, 2025 ikarudishiwa jina lake la zamani, nadhani wachora vibao ndio waliofaidi), na ukitaka kujua nani yuko ng'ambo huna haja ya kuuliza. Hesabu maturubai.

Siku ya tatu tangu nifike ikaja bahasha. Tangu 2013 jimbo hili humtumia mwenye gari karatasi moja yenye madai mawili: ada ya kuhuisha namba, na kodi ya mali inayokokotolewa kwa thamani ya gari. Dai la kwanza si kubwa. La pili ndilo lenye meno. Dada hakushtuka. Alichapa salari slipu ya mumewe, ile wanayoiita LES, akaweka kidole kwenye kisanduku kimoja chenye herufi mbili: TX.

"Hizi ndizo zinazofuta mstari wa pili," akasema.

"Lakini nyinyi hamuishi Texas."

"Mimi sijawahi hata kulala huko, kaka. Yeye alikaa Houston miezi 11, ndiko alikojiandikisha jeshini."

Sheria ya shirikisho inayomkinga mwanajeshi na baadhi ya kodi na madai ilitiwa saini Desemba 2003, ila ni nguo kuukuu iliyoshonwa upya. Iliyotangulia ilikuwa ya 1940, na kabla ya hiyo kulikuwa na ya 1918. Kwa upande wa magari hoja yake ni kwamba mwanajeshi hahami, anapelekwa. Akipelekwa kwa amri, huhesabika kuwa bado yuko kwao, gari lake pia, na jimbo alikopelekwa haliruhusiwi kulitoza kodi ya mali. Na kwao ni wapi? Ni pale alipojaza kwenye fomu, ilimradi aliwahi kuwa mkazi wa kweli. Texas na Florida hazitozi kodi ya mapato, kwa hiyo usishangae ukikuta wanajeshi wengi ambao "kwao" ni huko.

Norfolk, Virginia. Mwendo wa saa nne hivi kwa gari. Kituo cha jeshi la majini hapa kinatajwa kuwa kikubwa kuliko vyote duniani, na kodi ya gari inachukiwa kama mgeni asiyeaga. Jim Gilmore alishinda ugavana 1997 kwa kuahidi kuifuta. Bado ipo. Kilichopatikana ni jimbo kubeba sehemu ya kodi hiyo, kwa dola 20,000 za mwanzo za thamani ya gari la mtu binafsi.

Niliandika haya nikiwa nimekaa kwenye benchi nikitazama meli za kijivu. Chukua mabaharia wawili wa meli moja, vitanda vyao vimepandana. Mmoja kwao ni Florida, mwingine kazaliwa hapahapa Norfolk. Wote wako baharini, magari yote mawili yamelala kwenye maegesho yaleyale. Gari la Mflorida halidaiwi kodi ya mali. La mzawa linadaiwa, kwa sababu yeye yuko kwao. Sheria haikuundwa kumpongeza aliyekwenda mbali. Imeundwa kuyazuia majimbo mawili yasimkamue mtu mmoja. Ukiielewa hivyo, yule mzawa hajaonewa. Lakini nenda kamweleze mwenyewe.

Wake na waume walisahauliwa muda mrefu. Jina la mke likiwamo kwenye kadi ya gari, jimbo liliweza kumgeukia yeye, maana yeye hakupelekwa na amri yoyote, alimfuata mumewe tu. Ilibidi ije sheria nyingine, ya 2009, ndipo mwenzi naye akapewa haki ya kubaki na "kwao" kulekule kwa mwanajeshi.

Usiku nilisoma kesi ya Kapteni Lyman Buzard, na nikacheka peke yangu. Kwao jimbo la Washington, kituo chake cha kazi Castle Air Force Base, California, gari kalinunua Alabama na kulipachika namba za Alabama. California ikamtaka alisajili na kulipa asilimia 2 ya thamani yake. Akagoma, akashitakiwa, kesi ikapanda hadi Mahakama ya Juu ya Marekani, iliyotoa uamuzi Januari 1966: jimbo linaweza kumtaka asajili gari, lakini ile asilimia 2 ni kodi ya kujaza hazina iliyojificha ndani ya ada ya usajili, na mwanajeshi mgeni haimhusu. Miaka mingi baadaye, bili ya shemeji ina mistari miwili na dada anafuta mmoja.

Brooklyn Park, karibu na Minneapolis. Kwa mtoto wa shangazi, ambaye mumewe yuko kwenye jeshi la akiba la jimbo. Hapa ndipo nilipopata kitu tofauti kabisa. Minnesota haishughuliki na mgeni tu, inamfikiria mtu wake yenyewe. Anayeitwa kazini wakati wa vita au dharura iliyotangazwa hasamehewi kodi ya mali, maana kwa magari haipo, bali kodi ya usajili wa gari yenyewe, kwa muda wote wa utumishi na siku 40 baada yake. Nikasema, hawa ndio watu. Kisha nikasoma sharti: aombe kwa maandishi, na gari lisionekane barabarani, isipokuwa likiendeshwa na mwenyewe akiwa likizo.

"Mliomba?" nikauliza.

"Tuombe vipi? Gari ni hili moja, watoto wawili, na theluji unaiona."

Walilipa yote.

Morogoro, nyumbani. Jirani yetu ni afande wa JWTZ. Alikuwa Kongo na ile brigedi iliyoundwa 2013 na wanajeshi wa Tanzania, Afrika Kusini na Malawi. Carina yake ililala chini ya mwembe, na aliporudi alikuta kuku wametagia kiti cha nyuma na deni la "motor vehicle", ada yetu ya kila mwaka, limekaa vilevile. Akalilipa. Bajeti ya 2017 ikaifuta ada hiyo, madeni ya nyuma yakasamehewa, na badala yake shilingi 40 zikaongezwa kwenye kila lita ya petroli na dizeli. Tangu hapo gari lisilokwenda halidaiwi, liwe la mwanajeshi, la marehemu au la fundi aliyekosa spea. Hakuna fomu, hakuna salari slipu. Mafuta ya taa nayo yaliongezewa shilingi 40 zilezile, yasije yakageuzwa ya kuchakachulia dizeli, kwa hiyo hata bibi mwenye kibatari akaingia kwenye hesabu ya magari.

Nilimsimulia afande yote haya barazani. Habari za kapteni zilimfurahisha. Nilipofika Minnesota akanyamaza, akauliza, "Huyo mke, mtoto akiugua usiku, mwenye gari yuko vitani, anampeleka hospitali na nini?"

"Na gari hilohilo. Ndiyo maana walilipa."

"Enhe," akasema, akamwita mkewe atuletee chai.