Kuhesabu Ngazi za Québec

Kuishi kwingi ni kuona mengi, walisema wazee wetu, nami sina budi kuwasadiki. Nilikuwa nimetimiza miaka 70 nilipouona kwa mara ya kwanza mji wa Québec, ulioko mashariki mwa Kanada, juu ya jabali linaloutazama Mto Saint Lawrence. Ilikuwa mwezi wa Oktoba, mwaka 2018. Nilikuwa mgeni wa binti yangu anayekaa Montréal pamoja na mumewe, ambaye asili yake ni Haiti, na mtoto wao mmoja wa kiume aliyekuwa na umri wa miaka minane.

"Baba," binti yangu aliniambia katika simu kabla sijaondoka Mombasa, "ukija nitakuonyesha Ulaya ndani ya Kanada." Nilicheka tu. Mtu aliyezaliwa na kukulia Mji wa Kale wa Mombasa, akacheza utotoni chini ya kuta za Fort Jesus, hababaishwi upesi na mawe ya zamani. Lakini nilipofika nilinyamaza.

Safari kutoka Montréal kwa gari ni mwendo wa saa tatu hivi. Njia nzima niliitazama miti ya mepo, ile ambayo jani lake limechorwa kwenye bendera ya nchi hiyo. Wakati huo wa mwaka majani yake yalikuwa mekundu kama makaa, mengine ya rangi ya chungwa, mengine ya manjano. Kisha tukaingia mjini kwa kupita chini ya lango la mawe, na mara hiyo ukawa kama umefunga mlango wa Amerika nyuma yako. Barabara zilikuwa nyembamba, nyumba za mawe zimebanana bega kwa bega, mapaa yake yameinama sana ili theluji ipate kuteleza. Kengele za kanisa zililia. Watu walikaa nje ya mikahawa wamejifunga skafu, wakinywa kahawa kwenye baridi kana kwamba hawana habari nayo.

Ukuta unaouzunguka mji huo wa kale una urefu wa kilomita 4.6, na hakuna mji mwingine kaskazini ya Mexico uliobaki na ukuta wake namna hiyo. Karne ya 19 wenyeji wenyewe walitaka kuubomoa, maana waliona unazuia njia za magari ya farasi. Aliyewashawishi wauache ni Lord Dufferin, gavana mkuu wa Kanada kati ya mwaka 1872 na 1878. Akapanua malango badala ya kuvunja kuta. Mwaka 1985 shirika la UNESCO liliuingiza mji huo katika orodha ya urithi wa dunia. Nilipoyasoma hayo niliwaza juu ya miji yetu ya pwani, na nyumba ngapi nilizoziona zikibomolewa tangu utoto wangu bila Dufferin wa kutokea.

Tulitembea kwenye baraza kubwa la mbao linaloitwa kwa jina la huyo Dufferin, mbele ya hoteli ya Château Frontenac iliyofunguliwa mwaka 1893 na kampuni ya reli. Ukiiona utadhani ni kasri ya mfalme. Kando ya baraza imepangwa mizinga ya zamani, midomo yake ikiuelekea mto. Mjukuu wangu aliurukia mmoja akaupanda kama farasi, akaniita kwa sauti kubwa. Alisema maneno mengi kwa Kifaransa. Nikatabasamu, nikatikisa kichwa kama mtu aliyefahamu. Mama yake akanifasiria: "Anakuuliza, babu, kama na kwenu iko mizinga."

Msomaji mpendwa, hapo ndipo mwiba ulipoingia. Mizinga iko kwetu, tena mikubwa, na babu yake ameipanda vilevile alipokuwa na umri huohuo. Nilikuwa na hadithi ya siku nzima ya kumsimulia. Lakini nilimjibu kwa Kiingereza changu cha darasani, naye akanisikiliza kwa Kiingereza chake cha kuokota kwenye televisheni, na hadithi ikaisha kwa maneno matatu. Mimi na damu yangu tulikuwa tumekutana katika nyumba ya watu, kila mmoja akiogopa kuvunja chombo.

Yatupasa tuseme kweli: kosa lile halikuanza Kanada. Huko Québec ipo sheria ya mwaka 1977, iitwayo Mkataba wa Lugha ya Kifaransa, ambayo huwataka watoto wa wahamiaji wasome shule za Kifaransa msingi na sekondari. Basi Kifaransa cha mtoto kilitokana na sheria, na kwa baba yake pia. Lakini Kiswahili kilikuwa kitoke kwa mama yake, na mama yake hakuwa nacho cha kutosha, kwa sababu mimi nilimnyima. Alipokuwa mdogo nilipiga marufuku Kiswahili mezani petu. Nilitaka afaulu mitihani. Alifaulu.

Wala sikuishia nyumbani. Nilianza ualimu mwaka 1971, na katika shule moja niliyofundisha tulikuwa na kibao kidogo cha mti chenye kamba. Mwanafunzi aliyesikika akisema lugha ya kwao alivishwa kibao kile shingoni, akae nacho hadi amkamate mwenzake. Wengi waliosoma Kenya miaka ile wanakikumbuka. Alikuwako kijana mmoja wa Kigiriama, mchangamfu, mcheshi, ambaye kibao kilimganda muda wa wiki tatu. Baada ya hapo akaacha kusema kabisa, lugha yoyote ile. Mwisho wa muhula nilichukua kalamu nikaandika katika ripoti yake: "Tabia yake imetulia." Niliandika kwa moyo mweupe, nikidhani nimemsifu.

Nilikuwa nalo neno hilo kifuani wakati binti yangu alipotuongoza hadi bustani iliyo karibu na hoteli, penye mnara wa mawe. Mnara huo ulijengwa miaka ya 1820 kwa ajili ya majemadari wawili waliokuwa maadui. Tarehe 13 Septemba 1759, jeshi la Waingereza chini ya James Wolfe lilipambana na jeshi la Wafaransa chini ya Louis-Joseph de Montcalm katika uwanda ulio nje ya kuta. Mapigano makuu hayakuzidi nusu saa. Wolfe alifia palepale uwanjani, Montcalm akafa asubuhi ya pili yake, na kwa mkataba wa mwaka 1763 Ufaransa ikaiachia Uingereza nchi ile. Wafaransa waliobaki walikuwa 60,000 na kitu, wamezungukwa na bahari ya Kiingereza. Mtu mwenye akili angesema: wape vizazi viwili tu, watakuwa wamesahau.

Hawakusahau. Mwaka 1774 bunge la Uingereza liliwaruhusu kushika dini yao ya Kikatoliki na sheria zao za madai za Kifaransa, kwa kuhofia wasije wakaasi kama makoloni ya jirani. Lugha yenyewe waliilinda kwa mikono yao, jikoni, shambani, kanisani, na baadaye bungeni. Leo wanaoisema ni mamilioni. Hata alama ya njiani ya kusimamisha magari, ambayo huko Ufaransa kwenyewe imeandikwa "STOP", mjini Québec imeandikwa "ARRÊT". Na nyuma ya kila gari, tangu mwaka 1978, kibao cha namba kina maneno yenye maana ya "Ninakumbuka". Nilipotafsiriwa maneno hayo nilicheka kicheko kichungu. Wao nao wana kibao, lakini chao kinakumbusha.

Hata hivyo, nisije nikawasifu kupita kiasi. Penye jabali hilo palikuwa na kijiji cha wenyeji kiitwacho Stadacona, ambacho Jacques Cartier alikikuta mwaka 1535. Samuel de Champlain alipokuja kuanzisha mji mwaka 1608, kijiji kilikuwa kimekwisha toweka. Jina lenyewe la Québec ni la lugha za wenyeji, maana yake mahali mto unapokuwa mwembamba. Na karibu kabisa na mji wanaishi Wawendat, ambao lugha yao ilifika mahali ikakosa mtu wa kuisema tangu kuzaliwa. Sasa wanajitahidi kuifufua kwa kutumia kamusi zilizoandikwa na mapadri karne ya 17. Mtu anaweza kuililia lugha yake kwa machozi ya kweli, na palepale akawa amekalia ya mwenzake.

Kisha likaja jambo ambalo sikulitazamia. Binti yangu alinisimulia habari za mtoto mmoja Mwafrika aliyeletwa mjini humo wakati ndugu wa ukoo wa Kirke, wakiwa upande wa Uingereza, walipouteka mji mwaka 1629. Alikuwa bado mdogo. Wengine huandika kuwa alitoka Madagaska, wengine Guinea. Aliuzwa, akapewa mtu mwingine, na mwaka 1632 akawa miongoni mwa wanafunzi wa kwanza wa padri Paul Le Jeune. Akabatizwa, akaitwa Olivier Le Jeune, jina la pili likiwa la mwalimu wake. Alifariki mwaka 1654 akiwa bado hapohapo Québec. Yeye ndiye mtumwa wa kwanza kutoka Afrika anayejulikana kwa jina katika nchi ile. Lakini ni jina gani? Alilopewa na mwalimu. Lile aliloitwa na mama yake hakuna aliyeliandika.

Nilikaa kwenye benchi. Upepo wa mtoni ulikuwa mkali, na binti yangu akadhani nimeona baridi, akanifunga skafu yake. "Baba, hujambo?" Nikamwambia sijambo. Nilikuwa nikimwaza mtoto yule mbele ya mwalimu wake, akijifunza herufi katika majira ya theluji, pasipo hata mtu mmoja wa kumsemesha kwa lugha ya kwao. Bila shaka padri alimwona ametulia.

Ndipo nilipomwambia binti yangu neno nililokuwa nimeliweka miaka mingi. Nilimwambia, "Mwanangu, nilikukosea. Nilikunyima kilicho chako." Alinyamaza kitambo. Halafu akasema, "Baba, mimi nilikuwa nikisikiliza mlangoni wewe na marehemu mama mkizungumza usiku. Nilidhani Kiswahili ni lugha ya watu wazima tu, kama tumbaku." Sikujua nicheke au nilie.

Jioni tulishuka mji wa chini kwa ngazi za kale zinazoitwa kwa Kifaransa "ngazi za kuvunja shingo". Iko gari ndogo ya kamba inayopandisha na kuteremsha watu kwenye mteremko huo tangu mwaka 1879, lakini mjukuu wangu alitaka ngazi. Nikamshika mkono. Magoti yangu hayakupenda, nami nikawa nahesabu kwa sauti ya chini ili kuyabembeleza: moja, mbili, tatu. Mtoto akasimama, akanitazama.

"Encore, babu," akasema. Neno hilo nililifahamu.

Basi tukahesabu. Moja, mbili, tatu, hadi kumi, kisha tukarudi kwenye moja, kumi baada ya kumi, hadi chini. "Tisa" aliipenda sana. "Nane" ilimchekesha. Tulipofika kwenye uwanja wa Place Royale, pale Champlain alipojenga nyumba yake ya kwanza, nikamweleza kwa Kiingereza changu kibovu kuwa katika majira ya baridi ya kwanza watu 28 walikaa hapo, na 8 tu ndio waliobaki hai. Akahesabu kwa vidole vyake: "Nane." Nikasema, "Naam, nane." Tuliingia mkahawani, tukala supu nzito ya njegere na chipsi zilizomwagiwa mchuzi na vipande vya jibini, chakula kinachopendwa sana huko. Kila kilicholetwa mezani alikinyoshea kidole, na mimi nikakitaja. Kijiko. Chumvi. Maji. Mkate. Mama yake alikuwa akitaja pamoja naye, kwa sauti ndogo.

Sijui kama maneno hayo machache yatatosha. Waswahili husema mwacha asili ni mtumwa, nami nilikuwa nikiyasema hayo majukwaani huku kibao kiko kwenye droo ya meza yangu. Watu wa Québec walikuwa na kuta, sheria na mamia ya miaka. Mimi nina simu ya kila Jumamosi. Mtoto hunipigia, hunihesabia, kisha huniuliza neno moja jipya, moja tu. Jumamosi iliyopita aliuliza "snow" tunaiitaje. Nikamwambia theluji. Akasema neno ni zuri, lakini babu, nyinyi Mombasa mnalitumia lini?

Yule kijana wa Kigiriama nilijaribu kumtafuta niliporudi. Niliulizia kwa walimu wa zamani, na kwa watu wa upande wa kwao. Sikumpata. Kama yu hai, atakuwa mzee sasa, naye pengine ana wajukuu. Namwombea kwamba husema nao, kwa sauti kubwa, kwa lugha yoyote aipendayo.