Mbolea Nafuu, Udongo Unaohama

Hapa Katito, Kisumu, habari za mbolea ya ruzuku hutangulia mvua. Masika yakikaribia, watu huulizana sokoni kama ujumbe umeingia kwenye simu. Aliyeandikishwa kwa chifu huungoja ujumbe huo, hulipa kwa simu, kisha hutafuta nauli ya kwenda kwenye ghala. Si msaada mdogo. Mwaka wa 2022, vita vya Ukraine vilipozidisha ughali wa mbolea duniani, mfuko wa kilo 50 uliuzwa kwa takriban shilingi 6,500. Septemba mwaka huo serikali iliushusha hadi 3,500, na Agosti 2023 ukashuka hadi 2,500. Kwa mjane mwenye nusu ekari, nafuu hiyo humsaidia kulipa karo.

Naishukuru ruzuku hiyo kwa dhati. Ila mvua kubwa ikinyesha, mimi huyatazama maji mekundu yakikata barabara, nikajua kwamba ni mashamba yetu yanayohama. Katika Nyakach yetu hii kuna makorongo ya Katuk Odeyo, ambako ardhi iliyolimwa na wazee imemomonyoka na kuacha mashimo yanayommeza mtu mzima wima. Maji hushuka kwa kasi kutoka miinukoni, na pasipo miti wala nyasi za kuyapunguza nguvu, huzoa udongo wa juu na kuupeleka kwenye Ghuba ya Winam ya Ziwa Victoria. Mbolea tuliyoinunua huenda nao. Ziwani, rutuba hiyo hiyo hunenepesha gugu maji linalowazuia wavuvi kutia mashua majini.

Mama mmoja jirani yangu aliniambia, "Mwanangu, zuia maji kwanza, ndipo ununue mbolea." Shamba lake liko mteremkoni. Amechimba matuta ya kukinga maji, akapanda matete kingoni, na samadi ya ng'ombe wake huirudisha shambani. Mbolea ya ruzuku huinunua kama sisi, lakini yake hubaki pale alipoiweka. Hata kayongo, gugu lenye maua ya zambarau linalonyonya mizizi ya mahindi, amelipunguza kwa kupanda desmodiamu kati ya mistari, mbinu iliyokuzwa na watafiti wa ICIPE, kituo cha utafiti wa wadudu, kule Mbita.

Kwa mama huyu nimejifunza kwamba kupokea ni kazi, na kazi hiyo huanza kabla msaada haujafika. Hata nje ya shamba ni hivyo: kijana akipata basari bila mtu wa kumsimamia, muhula humalizika na hana alichovuna. Familia ikikopa chamani kabla ya kujua pesa zake za kila siku huishia wapi, mkopo nao hufuata njia hiyo hiyo. Tunahesabu sana tunachopewa. Ni nadra kuhesabu tunachopoteza.

Haki inanidai niseme pia kwamba upotevu huu hauanzii shambani. Mwaka wa 2024 ilibainika kwamba wakulima wa Kenya walikuwa wameuziwa mbolea ghushi ndani ya mpango huu huu wa ruzuku, na suala hilo likalifikisha Bunge hatua ya kupiga kura ya kumwondoa Waziri wa Kilimo wa wakati huo, Mithika Linturi, ingawa kamati teule ilimwondolea lawama baadaye. Mkulima aliyetia mbolea bandia ardhini hakupoteza shilingi 2,500 tu. Alipoteza msimu mzima, na msimu haununuliki. Anayetoa naye ana wajibu wa kulinda anachotoa mpaka kimfikie mlengwa kikiwa kizima na kwa wakati.

Natamani siku ambayo ruzuku itagharamia pia miche ya miti, upimaji wa udongo na uchimbaji wa matuta. Lakini jembe la kuchimbia tuta tunalo tayari nyumbani, na majirani wawili wakisaidiana wanaweza kukinga mteremko mmoja kabla ya masika. Tuombe ruzuku, tuidai ikichelewa, na tuikague ikifika. Wakati huo huo tuushike udongo, kwa sababu serikali inaweza kupunguza bei ya mbolea kila mwaka, lakini shamba lililokwisha kwenda ziwani hakuna bajeti itakayolirudisha.