Umeme Ukirudi, RAM Hufurika

Katika kazi yangu, umeme ukikatika sina hofu kubwa. Tabu huanza ukirudi.

Natunza hifadhi ya data kwenye barabara ya Kasenga, Lubumbashi. Ni seva kadhaa zilizounganishwa kwa Ceph, programu huria iliyoanzishwa na Sage Weil alipokuwa akisomea shahada ya uzamivu huko Santa Cruz, California. Kila data huwekwa nakala tatu kwenye seva tofauti, na kila diski husimamiwa na programu yake iitwayo OSD. Kila OSD hula RAM, yaani kumbukumbu ya muda ya seva.

Kwa kawaida OSD moja hupangiwa GB 4. Seva yenye diski 12 itahitaji GB 48, na aliyenunua ya GB 64 hujiona salama. Kumbe ile GB 4 ni lengo tu. OSD hujitahidi kulifikia kwa kupunguza data inayoiweka karibu kwa ajili ya kusoma upesi, ila ikiwa na kazi nyingine huruka mpaka bila kuomba ruhusa.

Kazi hiyo nyingine huletwa na delestaji, yaani kukatwa kwa umeme. Eneo letu la Katanga hupata umeme kutoka mabwawa ya mito Lualaba na Lufira, pia kupitia laini ya Inga hadi Kolwezi, yenye urefu wa kilomita 1,700 hivi. Hitilafu ya mbali hutuzima sisi. Betri zikiisha kabla jenereta haijashika, seva huzimika kwa kupishana, na zikiwaka hazijui nakala ipi ni mpya. OSD huanza kulinganisha orodha za mabadiliko na kupakia ramani mpya za mfumo, na RAM hupanda. Ikiisha, Linux, mfumo unaoendesha seva, huua OSD moja. Mzigo wake huangukia zilizobaki, nazo huuawa moja baada ya nyingine.

Hapo wengi hukimbilia kuwasha upya kila kitu, na moto huongezeka. Mimi kwanza nazuia data isihamishwe: naweka alama za noout, norebalance na nobackfill. Kisha nawasha OSD chache chache, na kila moja naiuliza RAM yake imekwenda wapi, kwa amri ya dump_mempools. Jibu ndilo linaloonyesha dawa. Ikiwa fungu kubwa ni bluestore_cache, yaani ile data iliyowekwa karibu, napunguza lengo. Ikiwa ni osd_pglog, yaani zile orodha za mabadiliko, kupunguza lengo hakusaidii kitu, kwa sababu orodha hizo hazimo katika sehemu inayopunguzwa. Na ikiwa mafungu yote ni madogo huku programu ikionekana nene, RAM imeshaachwa lakini haijarudishwa kwa Linux. Amri ya heap release huirudisha.

Kuna nyakati kosa liko ndani ya Ceph yenyewe. Matoleo fulani yalikuwa yakirundika maingizo ya marudio katika orodha za mabadiliko bila kuyafuta, hata OSD ikashindwa kuwaka. Mwaka 2022 wajenzi wake walianza kutoa marekebisho pamoja na njia ya kusafisha diski ambayo OSD yake imezimwa. Kwa hiyo angalia toleo lako kabla ya kulaumu vifaa.

Kwa wakubwa wanaopitisha bajeti: msipime RAM siku ya utulivu. Katika mji wenye delestaji, hesabuni walau GB 8 kwa kila diski, na betri zitakazodumu hadi jenereta ishike.